Bafu Lisifunikwe Kabla Halijakaguliwa

Msikilizaji, kazi ya bafu iliyolipuliwa haionekani siku ya kukabidhiwa. Siku hiyo marumaru zinang'aa, koki mpya zinameremeta, na mwenye nyumba anatoa fedha ya mwisho huku akishukuru. Ubovu umeshafukiwa: bomba ambalo halikuungwa sawasawa, sakafu isiyo na mteremko, ukuta usiopakwa dawa ya kuzuia maji. Miezi michache baadaye rangi ya chumba cha jirani inavimba na kumenyeka, na simu ya fundi haipokelewi tena.

Maoni yangu leo ni kwamba ugomvi huu tunauanza tukiwa tumeshachelewa, na kinachotuchelewesha ni namna tunavyolipa.

Hapa Dar es Salaam wengi tunatoa kazi ya bafu kwa mapatano. Bei moja, nusu kabla ya kuanza, nusu kazi ikiisha. Kwa makubaliano hayo, kila siku ya kusubiri ni hasara kwa fundi. Sakafu ya saruji inataka kumwagiliwa maji kwa takribani siku 7 ili ikomae. Dawa ya kuzuia maji hupakwa zaidi ya mkono mmoja, na ule wa kwanza lazima ukauke. Mabomba yanapaswa kujazwa maji ya presha na kuachwa ili yaonekane kama yanavuja. Nani anamlipa fundi kwa kungoja? Ana saidia fundi anayetaka chake jioni, ana nauli, ana kazi nyingine inamsubiri Goba au Chanika. Basi anafunika, anaondoka.

Hilo halimwondolei lawama. Aliyechukua fedha ya watu na kujua kwamba ukuta haukupakwa dawa amewakosea, tena amewakosea sana. Lakini tukiendelea kulipa kwa kuangalia marumaru peke yake, tutaendelea kupata marumaru peke yake.

Namfahamu mama mmoja wa Tabata aliyekarabati bafu lake kwa fedha za mchezo alizongoja muda mrefu. Unyevu ulipotokeza ukutani kwa upande wa chumba cha kulala, alimwita fundi. Akaambiwa, "Mama, hiyo ni saruji haijakauka, itaisha yenyewe." Akangoja masika yote. Fundi wa pili alipobomoa, akakuta kiungo cha bomba la plastiki kinachuruzika ndani ya ukuta, na marumaru zimebandikwa kwa madonge matano, manne kwenye pembe na moja katikati, chini kukiwa na uwazi uliojaa maji. Akauliza lile swali la kila fundi wa pili: "Nani alikufanyia hii?" Mama wa watu hakuwa na karatasi, hakuwa na picha, wala hakuwa amebakiza hata shilingi ya kumshikia yule wa kwanza. Akalipa upya, na marumaru za rangi ile dukani zilikuwa zimekwisha.

Yale madonge matano ni jambo la kuliangalia sana. Marumaru inapaswa kulala juu ya gundi iliyotandazwa chini yake yote. Ukiigonga kwa sarafu, iliyokaa vizuri inatoa mlio mzito, na yenye uwazi chini inalia kama debe tupu. Jaribu leo nyumbani kwako, huhitaji fundi kwa hilo. Na marumaru ngumu za kisasa, zile za poselini, zinanyonya maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Saruji ya kawaida haina pa kushika. Kwa hizo inatakiwa gundi maalumu ya mfuko, na hapo ndipo wengine wanapobana fedha, wenye nyumba wakiwemo.

Wengi pia tunadhani marumaru na grauti ndizo zinazozuia maji. Hapana. Grauti ya saruji inapitisha maji polepole, kila siku, kila mtu anapooga. Kinachozuia ni ile dawa iliyopakwa chini, sakafuni na ukutani, hasa kwenye kona na kuzunguka tundu la kutolea maji. Ikishafunikwa huwezi kuiona, kwa hiyo lazima ipimwe kabla. Ikikauka, ziba tundu la sakafu, jaza maji kina cha sentimita mbili au tatu, weka alama ukutani, acha saa 24. Maji yakishuka kuliko yanavyoweza kukauka kwa hewa, au ukuta wa nje ukilowa, hakuna kubandika.

Mteremko nao upimwe mapema. Sentimita moja au mbili kwa kila mita zinatosha kupeleka maji kwenye tundu. Mwaga ndoo ya maji kabla ya marumaru na uangalie yanakokwenda. Kurekebisha saruji tupu ni kazi ya asubuhi moja. Kurekebisha baada ya marumaru ni kuvunja. Na kama bafu jipya linanuka, mara nyingi ni kwamba bomba la sakafu limepelekwa moja kwa moja kwenye chemba bila trapu, yaani ule mpindo unaobakiza maji kidogo ili hewa chafu isirudi ndani.

Kwenye umeme sina subira kabisa. Hita ya bomba la mvua yenye wati 5,500 inavuta takribani ampia 24. Kuna watu wanaiunga kwenye waya wa taa wa milimita za mraba 1.5, bila waya wa ardhi, juu ya kichwa cha mtoto aliyelowa. Hapo hakuna fundi wa marumaru "anayejua kidogo na umeme". Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, muombe akuonyeshe leseni yenyewe, na hita iwe na waya wake na swichi yake ya kukata kutoka kwenye ubao mkuu.

Sasa wewe ambaye tayari umeharibiwa. Usianze na matusi, na usikimbilie kubomoa. Ukibomoa, ushahidi wako umekwenda na kifusi. Piga picha na video kwanza, gonga marumaru simu ikirekodi mlio wake. Mtumie fundi ujumbe wa maandishi unaotaja kasoro moja moja, umpe nafasi ya kuja kurekebisha na siku ya mwisho ya kufanya hivyo. Mafundi wengi hurudi wakiitwa kwa heshima, kwa sababu jina ndilo linalowapa kazi. Asiporudi, mwite mwingine aandike alichokiona na gharama yake kabla hajagusa nyundo. Nenda na vitu hivyo kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa muitane na kusikilizana. Na ikishindikana huko, mahakama ipo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiyatupi makubaliano kwa kuwa tu yalifanywa kwa mdomo, na dai la mkataba lina muda wa miaka 6. Ugumu ni kuthibitisha mlikubaliana nini, ndiyo maana ujumbe wa simu na risiti ya muamala ni vitu vya kutunza.

Wengine wataniambia dawa ni kuajiri wenye vyeti tu. Siafiki moja kwa moja. Mafundi wetu wengi wamejifunza kwa kushika mwiko nyuma ya fundi mwingine, na baadhi yao ni hodari kweli. VETA ina utaratibu wa kuwapima watu wa namna hiyo na kuwapa cheti cha ujuzi walionao, na ningependa mafundi wa mitaani wautumie zaidi. Hata hivyo, mwenye cheti naye analipua akiwa amelipwa ili afunike.

Kwa hiyo, kama unaanza kazi ya bafu wiki hii, kaa na fundi wako na daftari kabla ukuta haujaguswa. Gaweni fedha kwa hatua: mabomba yakishapimwa presha na kupigwa picha yakiwa wazi, sehemu ya kwanza, sakafu ikishamwagwa maji na kukubalika, ya pili, dawa ikishakaa saa 24 chini ya maji, ya tatu, marumaru zikishagongwa, ya nne. Bakizeni fungu la kulipwa baada ya bafu kutumika mwezi mmoja, na ulilipe siku ikifika bila kumzungusha. Siku za kungoja zihesabiwe ndani ya bei, fundi na msaidizi wake walipwe kitu. Sainini wote wawili, pawepo na shahidi. Na fundi atakayekataa kungoja maji yale ya saa 24 hata kwa kulipwa, mshukuru, tafuta mwingine.