Mwanachama Aliyezidiwa na Mawazo

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama vya msingi)



Daftari la wanachama husema mengi kwa anayejua kulisoma. Mwanachama aliyekuwa akileta zao lake mizanini kila msimu, mara haonekani. Mkopo wake uliokuwa ukipungua unasimama pale pale. Kisha anakuja ofisini kuomba arudishiwe hisa zake zote, wala hasemi anakwenda wapi. Katibu huandika tarakimu hizo, akafunga daftari. Huenda mtu huyo anahamia kwa wanawe, na jambo limekwisha. Lakini huenda pia amezidiwa na mawazo, na dirisha la ofisi ya chama ndipo mahali pa mwisho aliposimama mbele ya watu.

Habari za mtu kujitoa uhai hazizungumzwi kwa urahisi. Jamaa huzificha kwa haya, na pengine kwa hofu ya sheria. Maana katika Tanzania kujaribu kujiua ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na Kenya pia ilikuwa hivyo mpaka Mahakama Kuu ilipotamka, Januari 2025, kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu zaidi ya 700,000 hufa kwa njia hiyo kila mwaka, na wengi wao ni wa nchi zisizo tajiri. Sababu huwa si moja. Deni, ulevi, msiba, ugomvi wa nyumbani, ugonjwa wa muda mrefu na maradhi ya akili yenyewe husukana pamoja, na kwa hiyo si haki kumnyoshea kidole mtu mmoja au jambo moja.

Watu wasio madaktari waweza kufanya nini? Mfano mzuri umetoka Harare, mji mkuu wa Zimbabwe. Mwaka 2005 daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alifiwa na mgonjwa wake, msichana aliyejitoa uhai. Alipouliza kwa nini hakuletwa hospitali, mama yake alimjibu kwamba walikosa nauli ya basi, dola 15. Madaktari wa namna yake walikuwa wachache mno katika nchi nzima, na serikali haikuwa na fedha wala wauguzi wa kumpa. Alichopewa ni bibi 14, wahudumu wa afya wa mtaa wa Mbare, na nafasi ya kukaa nje ya kituo cha afya. Basi mwaka 2006 kazi ikaanza juu ya benchi la mbao, chini ya mti.

Washona wana neno kufungisisa, maana yake kufikiri mno kupita kiasi; ni jambo lile lile analolitaja Mswahili asemapo kwamba fulani ana mawazo. Bibi huanza kwa maswali 14 yaliyotungwa kwa Kishona. Akishamaliza husikiliza. Matatizo yote yakishawekwa wazi, mgeni mwenyewe huchagua moja tu la kuanzia, na wote wawili hutafuta hatua ndogo inayowezekana kabla hawajakutana tena. Bibi hatoi amri wala hatangulizi mawaidha. Anayeonekana yumo hatarini hupelekwa kwa wenye utaalamu zaidi. Baadaye mtu huyo hukaribishwa katika kikundi cha wenzake waliopita benchini, ambako husuka mikoba ya kuuza huku wakizungumza. Hapo mtu wa ushirika ataona sura anayoijua.

Je, mambo haya yalipimwa? Yalipimwa kwa makini. Katika vituo 24 vya Harare walifuatwa wagonjwa 573, wengine wakipata benchi na wengine huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za huzuni kubwa walikuwa kama 14 katika kila 100 miongoni mwa waliokaa benchini, na kama 50 katika kila 100 miongoni mwa wale wengine. Mpango huo umekwisha kufika Malawi na Zanzibar pia.

Chama cha msingi hakina haja ya kujifanya hospitali. Yafaa Mkutano Mkuu uchague wanachama wawili au watatu, wake kwa waume, wazee wanaoaminika kwa kutunza siri, nao wapelekwe kituo cha afya kilicho karibu wakafundishwe. Kuchagua wenye vyeo ni kosa. Mwenyekiti wa halmashauri ndiye anayedai madeni, na mdaiwa hatafungua moyo kwake. Swali la kwanza laweza kuwa jepesi tu: "Mzee, siku hizi unalalaje?" Na ikiwa majibu yanatia wasiwasi, aulizwe waziwazi kama amepata kufikiria kujitoa uhai. Wengi huogopa kwamba swali hilo litampa mtu wazo asilokuwa nalo. Wataalamu wanakanusha, kuulizwa kwa upole humpa nafuu. Akikubali, asiachwe peke yake, ajulishwe ndugu anayemwamini, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ile dola 15 ya Harare na ikumbukwe hapo: mfuko mdogo wa nauli, ukiridhiwa na Mkutano Mkuu na kuandikwa vizuri vitabuni, haumfilisi yeyote.

Jambo la pili liko ghalani. Vyama vingi hugawa dawa za kuua wadudu, na dawa hizo katika nchi nyingi za wakulima zimechukua roho za watu katika saa moja ya uchungu ambayo ingepita. Sri Lanka mwaka 1995 ilikuwa na vifo vya kujiua karibu 47 katika kila watu 100,000. Serikali iliziondoa sokoni, hatua kwa hatua, dawa zenye sumu kali kupita nyingine, na katika miaka 20 kiwango hicho kilishuka kwa kiasi cha 70 katika kila 100. Mavuno ya mpunga hayakupungua. Lakini masanduku ya kufuli yaliyogawiwa nyumba kwa nyumba nchini humo hayakuonyesha faida. Katika jimbo la Tamil Nadu, India, vijiji viwili vilijaribu njia nyingine: kila mkulima alipewa sanduku lake katika jengo moja la pamoja lenye msimamizi. Vijiji viwili ni vichache, ila matokeo yalitia moyo. Na jengo la pamoja lenye msimamizi ni kitu gani kama si ghala la chama? Mtunza ghala atoe dawa ya kazi ya siku hizo tu, masalio yarudishwe, na halmashauri inunue zile zenye madhara madogo zaidi kwa binadamu.

Liko jingine, nalo halipendezi kusemwa mbele ya viongozi. Orodha ya wadaiwa hubandikwa ukutani au kusomwa kwa sauti mkutanini, watu wakacheka. Deni lazima lilipwe, kwa sababu fedha ni za wanachama wote. Lakini barua, kikao cha ofisini na mpango mpya wa malipo hukusanya fedha bila kumvua mtu nguo mbele ya wanawe. Zaidi ya hayo, mkulima huyo huyo pengine anadai malipo ya zao lake tangu msimu uliopita, na jina la chama halibandikwi popote.

Anayerudi kutoka hospitali, ama aliyeacha pombe, arudi mahali pake. Kama alikuwa mpima mizani, na apime, akiwa ameridhiwa na daktari. Asitazamwe kama chupa iliyopasuka, wala asikaribishwe kwa bia siku ya malipo.

Na ikitokea kwamba msiba umefika, katibu asichelewe. Namna mwanachama alivyokufa haiondoi haki ya warithi katika hisa na akiba yake. Fomu za mrithi katika majalada mengi ni tupu, au zina jina la mtu aliyekwisha kufa. Zijazwe upya kabla ya ukaguzi ujao.