Umahiri Haufungwi kwa Mtihani wa Muhula
Mhadhara wa umma kuhusu mtaala wa Stashahada ya Uuguzi na Ukunga



Mtoto akizaliwa halii wala hapumui, mkunga ana dakika moja. Ndani ya dakika hiyo amkaushe, amsugue mgongo, asafishe njia ya hewa ikiwa imeziba, na kama bado hapumui aanze kumpa hewa kwa mfuko na barakoa. Wafundishaji wa huduma hii wameiita dakika ya dhahabu. Nitaitumia kuupima mtaala wetu, kwa kuwa yaliyotokea Haydom, wilayani Mbulu, yana somo ambalo bado hatujalifanyia kazi ipasavyo.

Mwaka 2010 watumishi wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Walipopimwa kwa mdoli wa mazoezi walifanya vizuri kuliko awali. Lakini watafiti waliofuatilia kazi halisi ndani ya leba walikuta huduma kwa watoto wenyewe haijabadilika. Ujuzi ulikuwa umebaki darasani. Hospitali haikukata tamaa. Mdoli ukawekwa palepale leba, watumishi wakafanya mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, na ya dakika 40 kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka takriban 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.  Kilichobadilika ni mahali pa kujifunzia na mara ngapi mtu anarudia.

Sasa tuutazame mtaala wetu. Stashahada ni miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi ya 6 katika mfumo unaosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na msingi wake ni umahiri: mhitimu ajue, aweze kutenda, na awe na moyo wa kazi. Falsafa hiyo naiunga mkono bila kusita. Mwanafunzi anafundishwa mchakato wa uuguzi kwa hatua zake tano: kuchunguza hali ya mgonjwa, kutambua tatizo, kupanga, kutekeleza, kutathmini. Ni mafunzo ya kufikiri, na muuguzi wa stashahada anayahitaji kuliko wengi, maana huyu ndiye tunayemkuta peke yake zamu ya usiku kwenye kituo cha afya, gari la wagonjwa likiwa mbali.

Tatizo ni namna tunavyoukata umahiri huo vipande. Moduli inafundishwa, inatahiniwa, inafungwa. Mwanafunzi aliyefaulu kumpa mtoto pumzi katika mwaka wa pili anaweza kuhitimu bila mtu kumtazama tena akifanya hivyo. Haydom imetuonyesha jinsi mafunzo ya mara moja yanavyoishia.

Vipande hivyo vina madhara mengine. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua anamkuta mwanafunzi ambaye dawa alizisoma kwenye famakolojia, dripu kwenye stadi za msingi, na kukanda mfuko wa uzazi kwenye ukunga. Mama huyo anahitaji vyote kwa wakati mmoja. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ulijaribu jambo hilohilo: damu ikingwe na kupimwa kwa shuka la plastiki lenye alama za vipimo, badala ya kukisiwa kwa macho, na tiba zote za mwanzo zitolewe kwa pamoja, pasipo kungoja moja ishindwe ndipo nyingine ianze. Kutokwa damu kupita kiasi, kupasuliwa au kufariki kwa sababu hiyo kulipungua kwa asilimia 60. Dawa zenyewe zilikuwa zinajulikana tayari.

Wapo watakaosema turudi kwenye mtindo wa zamani, wa shule ndani ya hospitali, kama ile ya Florence Nightingale iliyofunguliwa St Thomas', London, mwaka 1860. Sikubaliani nao. Shule za namna hiyo zilimpa mwanafunzi wodi, lakini mara nyingi zilimgeuza kuwa mikono ya bei nafuu, akajua kufanya bila kujua kwa nini. Chuo kimempa sababu za kitendo. Tusimnyang'anye.

Ninachodai ni kwamba wodi ihesabiwe kuwa darasa kamili, na mwalimu wa kliniki awe mwalimu kamili. Leo tunampeleka mwanafunzi wodini na logibuku, daftari la kusainiwa kazi alizofanya, mkononi, tunamwachia muuguzi mwenye wagonjwa wengi kuliko anavyoweza kuwahudumia, kisha wiki ya mwisho mwanafunzi anahangaika kusaka saini. Saini inathibitisha kwamba alikuwepo. Haithibitishi kwamba anaweza. Na muuguzi aliyejitolea kumfundisha hapati nafuu ya kazi wala kupandishwa cheo kwa ajili hiyo. Huo si uungwana.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo na waganga wafawidhi mliomo humu: kila leba inayopokea wanafunzi wetu iwe na mdoli wa mazoezi, na dakika tano za kila wiki ziandikwe kwenye ratiba ya zamu. Nawaomba watunga mitihani: stadi za dharura zipimwe kila muhula hadi siku ya kuhitimu, zikiwa zimeunganishwa kama mgonjwa anavyozihitaji. Na kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, ombi langu ni moja: muda wa kufundisha wodini uhesabiwe kuwa kazi, ulipwe, na uwe sifa ya kupandishwa cheo. Hayo yanaweza kuanza muhula ujao.