Dhamana Ikiisha, Haki Haijaisha

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Ngenge, Wilaya ya Muleba



Msimu wa malipo ya mazao unapowadia, fedha hutoka mikononi mwa chama na kuingia mikononi mwa mkulima. Hazikai sana huko. Baada ya siku chache huwa zimekwisha kuingia katika maduka ya Muleba na Bukoba. Vyama vya ushirika vimejifunza kwa miaka mingi kuilinda safari ile ya kwanza: mizani hukaguliwa, stakabadhi huandikwa, vitabu hufungwa. Safari ya pili, kutoka kwa mkulima kwenda dukani, imeachwa bila mlinzi. Fedha iliyopatikana kwa jasho la mwaka mzima hupotea kwa kitu kisichodumu, na aliyepotelewa husema tu kwamba ni bahati mbaya.

Miongoni mwa vitu vinavyonunuliwa siku hizi ni saa janja, yaani saa ya mkononi inayounganishwa na simu, ambayo huonyesha ujumbe, huhesabu hatua na kupima mapigo ya moyo. Tuseme mwanachama wa Ngenge amenunua saa ya namna hiyo mjini Bukoba kwa shilingi 180,000, akapewa kadi ya dhamana ya miezi 12, ile ambayo madukani huitwa garantii. Mwezi wa 13 kioo kinazimika. Mwanachama anapanda gari hadi Bukoba. Mwenye duka anaitazama kadi, anaweka kidole juu ya tarehe, anasema: "Garantii imekwisha, hapa hakuna la kufanya." Mwanachama anarudi nyumbani akiwa amepoteza saa na nauli pia.

Swali linalofaa kuulizwa ni hili: je, jibu la mwenye duka ndilo jibu la sheria? Jibu ni kwamba sivyo daima. Ni muhimu kila katibu aijue sababu yake, kwa kuwa linalompata mwenye saa laweza kumpata mwenye simu, mwenye taa ya jua, mwenye bomba la kunyunyizia dawa, na hata chama chenyewe kilichonunua mizani ya kielektroniki au kompyuta.

Ahadi mbili, wala si moja

Anayenunua kitu dukani hupata ahadi mbili. Ahadi ya kwanza ni ile iliyoandikwa kwenye kadi. Hiyo hutolewa na mtengenezaji au muuzaji, naye ndiye anayeweka muda na masharti yake. Ahadi ya pili haiandikwi kwenye kadi yo yote, kwa maana imewekwa na sheria yenyewe.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya Sheria za Tanzania, ambayo ilifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, yaweka mambo mawili yanayomhusu mnunuzi wa namna hii. La kwanza: mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayokitakia kitu, na akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, basi kitu hicho hakina budi kiifae kazi hiyo kwa kiasi cha kuridhisha. La pili: kitu kinachonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa vitu vya aina hiyo, hakina budi kiwe na ubora unaostahili kuuzwa, isipokuwa kama mnunuzi alikikagua na kasoro yenyewe ilikuwa ya kuonekana katika ukaguzi huo.

Ikumbukwe kwamba sheria haisemi kuwa ubora huo ni wa miezi 12. Ubora hupimwa kwa siku ya mauzo. Lakini kuna kasoro zilizojificha ndani ya kitu tangu kilipotoka kiwandani, zisizoonekana ila baada ya kutumika. Kioo kinachozimika chenyewe mwezi wa 13, bila kuanguka wala kuingia maji, chaweza kuwa ushahidi kwamba saa ilikuwa na kasoro siku ile ile ilipouzwa. Kuisha kwa kadi hakuifuti kasoro hiyo.

Muda wa kudai nao una mpaka wake. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971, madai yatokanayo na mkataba hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 6 tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Na katika mauzo, aghalabu siku hiyo ni siku ya mauzo. Kwa hiyo mwenye kadi iliyokwisha jana hajachelewa. Hata hivyo ajue kwamba mtu aliyekaa na kitu akakitumia muda mrefu huhesabiwa amekipokea. Hawezi tena kukitupa juu ya meza na kudai fedha zote kama kwamba mauzo hayakuwapo. Haki inayombakia ni kudai fidia ya kasoro, kwa mfano gharama ya kutengeneza au tofauti ya thamani. Anayejua mpaka wa haki yake husikilizwa upesi kuliko anayepiga kelele.

Zaidi ya hayo ipo Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani. Sheria hiyo humlinda anayenunua kwa matumizi, si kwa kuuza tena. Yakataza kumpotosha mnunuzi, na yaweka masharti ambayo muuzaji hawezi kuyakwepa kwa maneno ya kuandika. Lile bango lisemalo "Mali ikishauzwa hairudishwi" laonekana katika maduka mengi. Bango ni karatasi ya ukutani, nayo haina nguvu ya kumwondolea mnunuzi haki aliyopewa na sheria ya nchi.

Mifano ya nchi za nje

Jambo hili si la Kagera peke yake. Nchini Australia, Desemba 2023, mahakama iliiamuru kampuni ya Fitbit, watengenezaji wa saa janja, ilipe dola za Australia milioni 11. Kosa lake lilikuwa kuwapotosha wateja juu ya haki zao walipolalamikia saa zenye kasoro. Baadhi yao walikuwa wameambiwa kwamba hawastahili kubadilishiwa tena kwa kuwa dhamana ya miaka 2 ya saa yao ya kwanza ilikuwa imekwisha. Kumbe sheria ya nchi ile ilikuwa imewapa haki isiyotegemea kadi.

Mwaka uliotangulia huo, Machi 2022, kampuni hiyo hiyo ilitangaza kuzirudisha saa za aina ya Ionic zipatazo milioni 1.7 duniani, kwa sababu betri zake ziliweza kupata moto na kumuunguza mvaaji. Saa hizo zilianza kuuzwa mwaka 2017, hivyo wengi wa wenye nazo walikuwa na dhamana zilizokwisha zamani. Hata hivyo waliahidiwa kurudishiwa dola za Marekani 299 kila mmoja. Hatari kwa mwili wa binadamu haingojei tarehe ya kadi. Karibu na hapa, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 46, imeitaja haki ya mtumiaji kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaoridhisha.

Yasiyodaiwa

Haki isichanganywe na tamaa. Yapo mambo ambayo mnunuzi hawezi kumtwika muuzaji.

Betri ya saa au ya simu huchoka kwa kadiri inavyochajiwa. Betri za aina ya lithiamu hupungua nguvu baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa. Mwenye saa anayeichaji kila siku asishangae kuona baada ya mwaka mmoja na nusu haifikishi jioni. Huo ni uchakavu wa kawaida. Lakini betri iliyovimba ni hatari: saa iache kutumika mara moja, isichajiwe, na muuzaji apewe taarifa.

Vivyo hivyo saa iliyopasuka kwa kuanguka, iliyochajiwa kwa chaja isiyo yake, au iliyofunguliwa na fundi wa barazani kabla muuzaji hajaiona, ni vigumu kuidai. Fundi akishaifungua, nani atathibitisha kwamba kasoro ilitoka kiwandani?

Maji nayo yaangaliwe sana. Maandishi ya "meta 50" nyuma ya saa ni kipimo cha mgandamizo wa maji katika majaribio ya kiwandani. Hayana maana kwamba mvuvi wa visiwa vya Muleba aweza kuzama nayo ziwani kila siku. Mipira inayozuia maji hulegea kwa muda, na sabuni na maji ya moto huiharakisha kulegea.

Kabla ya kutoa fedha

Kinga iliyo bora huanza kabla ya mauzo. Mnunuzi aseme wazi kazi ya kitu: "Nafanya kazi shambani kwenye maji, je, saa hii itafaa?" Muuzaji akijibu kuwa itafaa, aombwe aandike maneno hayo nyuma ya risiti. Sentensi hiyo fupi ndiyo inayokiamsha kile kifungu cha sheria juu ya kitu kufaa kwa kazi iliyotajwa.

Risiti ni nguzo ya pili. Mamlaka ya Mapato imekwisha kuwazoesha wananchi msemo wake: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Lakini risiti za mashine za kielektroniki huchapwa kwenye karatasi ya joto, ambayo maandishi yake hufifia hata kutoonekana, pengine kabla dhamana yenyewe haijaisha. Kwa hiyo yafaa itolewe nakala siku ile ile, au ipigwe picha, na iwekwe pamoja na kadi na kisanduku chenye namba ya kitu.

La tatu ni kuepuka vitu bandia. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizifungia simu bandia nchini, na walionunua kwa bei ya kutupa wakabaki na vipande vya plastiki. Anayenunua simu, au saa yenye laini yake, abonyeze *#06# na kulinganisha namba inayotokea na ile ya kwenye kisanduku.

Kasoro ikitokea

Utaratibu ufuatao wafaa kufuatwa na mwanachama akisaidiwa na katibu wake:

1. Kitu kiache kutumika, na kisifunguliwe. Tarehe na namna kasoro ilivyotokea ziandikwe.

2. Muuzaji aandikiwe barua, nakala ibaki chamani. Itaje tarehe ya ununuzi, namba ya risiti, kasoro, na jambo moja linaloombwa: kutengenezewa, kubadilishiwa, au kulipwa fidia. Muuzaji apewe muda wa kujibu, kwa mfano siku 14.

3. Asipojibu, au akikataa bila sababu, shauri lipelekwe kwa chombo kinachohusika. Upotoshaji na bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani. Bidhaa isiyofikia viwango ni kazi ya Shirika la Viwango, TBS, lililoundwa mwaka 1975. Simu na vyombo vya mawasiliano ni kazi ya TCRA, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa mjini Mwanza. Mizani ni kazi ya Wakala wa Vipimo.

4. Mahakama ni mlango wa mwisho. Kwa kitu cha bei ndogo, gharama na siku za shamba zitakazopotea zipimwe kwanza.

Daftari la malalamiko

Kazi ya katibu yaanzia hapo. Mtu mmoja akitoka Ngenge na saa iliyozimika, mwenye duka humwona kuwa hakuitunza. Watu saba wakionekana wamenunua saa ya aina moja katika duka moja, na zote zikazimika kioo kati ya mwezi wa 12 na wa 15, hilo ni jambo jingine. Malalamiko ya mmoja huitwa bahati mbaya, bali malalamiko ya saba ni ushahidi wa kasoro ya kiwandani. Lakini ni nani atakayejua kwamba ni saba, ikiwa kila mmoja amekaa kimya nyumbani kwake?

Kwa hiyo yapendekezwa kila chama kifungue daftari la malalamiko ya bidhaa lenye safu tano tu: jina la mwanachama, kitu, duka, tarehe ya ununuzi, na kasoro. Kadhalika rejista ya mali ya chama iongezwe safu ya tarehe ya mwisho wa dhamana, na mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo kila kifaa kijaribiwe kikamilifu, ili kasoro idaiwe wakati kadi ingali hai. Gharama ya kazi hiyo ni kalamu na saa moja kwa mwezi. Chama kilichonunua mizani isiyofaa kikanyamaza, kimewatoza wanachama wote hasara hiyo, hata wale ambao hawakuiona.

Wafumaji wa Rochdale, huko Uingereza, walipofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, walikuwa wamechoshwa na unga uliochanganywa na vitu visivyo unga na mizani isiyosema kweli. Ushirika wao ulianzia kwenye haki ya mnunuzi. Mkulima wa Kagera aliuingia ushirika kwa mlango wa muuzaji, kwa ajili ya kahawa yake. Lakini mtu ni yule yule, na shilingi ni ile ile.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu Makatibu, kabla ya mkutano mkuu ujao wa kila chama, daftari hilo lifunguliwe, na wanachama waulizwe wana kitu gani nyumbani kilichoharibika kabla ya wakati wake.