Usalama wa maabara: Funzo kutoka Minneapolis

Tarehe 17 Juni mwaka 2014, mlipuko ulitokea katika maabara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Minnesota, mjini Minneapolis. Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu aliyekuwa akitengeneza kemikali ya jamii ya azidi alijeruhiwa, akapelekwa hospitali. Alinusurika.

Ajali za namna hii zimewahi kutokea katika vyuo vingi. Jambo linalostahili kutafakariwa ni kwamba chuo hicho kilikuwa tayari kimeanza kurekebisha mafunzo yake ya usalama miaka miwili kabla ya mlipuko.

Kwa muda mrefu, mafunzo ya usalama katika vyuo vikuu vya Marekani yalikuwa mafupi. Mwanafunzi mpya alisikiliza mhadhara mmoja, akatia saini karatasi, kisha akakabidhiwa meza yake ya kazi. Yaliyobaki alijifunza kwa kuwatazama waliomtangulia, mazuri yao pamoja na makosa yao.

Matokeo yake yalionekana. Mwezi Januari mwaka 2009, mtafiti msaidizi mwenye umri wa miaka 23 katika Chuo Kikuu cha California, mjini Los Angeles, alifariki dunia kutokana na majeraha ya moto. Alikuwa akihamisha kwa bomba la sindano kemikali inayowaka yenyewe inapogusana na hewa, naye hakuwa amevaa koti la maabara. Mwaka mmoja baadaye, katika Chuo Kikuu cha Texas Tech, mwanafunzi alipoteza vidole vitatu. Kikomo cha kemikali ile ya mlipuko kilikuwa miligramu 100, lakini wanafunzi walitengeneza gramu zipatazo 10, yaani mara mia moja. Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilibaini kwamba kikomo hicho kilikuwa kikielezwa kwa mdomo tu.

Ni katika hali hiyo ambapo mwaka 2012, idara za kemia na uhandisi wa kemikali za Chuo Kikuu cha Minnesota, zikishirikiana na kampuni ya Dow Chemical, zilianzisha kikosi cha pamoja cha usalama. Tofauti yake na kamati za kawaida ni hii: kinaongozwa na wanafunzi na watafiti vijana wenyewe. Kila kundi la utafiti lina maafisa wake wa usalama, nao hutembeleana maabara kwa maabara, wakikagua makoti, miwani ya kinga, chupa zisizo na vibandiko na njia za kutokea zilizozibwa na masanduku.

Hekima ya mpango huo ni nyepesi kueleweka. Mwanafunzi anayemwogopa profesa wake huficha kosa dogo. Akiulizwa na mwenzake, hulieleza. Na kosa dogo lililoelezwa ni ufa uliozibwa; lililofichwa ndilo litakalodai kujengwa ukuta.

Hata hivyo, mlipuko wa mwaka 2014 ulionyesha mpaka wa makoti na miwani. Azidi ya aina ile ikikutana na maji, hata kidogo, huweza kutoa asidi ya hidrazoiki, ambayo hulipuka kwa urahisi. Hatari hiyo haionekani kwa ukaguzi wa macho. Huonekana tu kwa yule anayeketi kabla ya jaribio na kujiuliza: maji yataingilia wapi? Joto likizidi itakuwaje? Je, kiasi hiki chote kinahitajika kweli?

Ndiyo maana Chama cha Wanakemia wa Marekani huhimiza hatua nne: kutambua hatari, kupima uzito wake, kuipunguza, na kujitayarisha kwa dharura. Zinapofundishwa pamoja na kila jaribio, tangu mwaka wa kwanza, usalama huwa sehemu ya kemia yenyewe.

Funzo hili halikomei kwenye kingo za mto Mississippi. Katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki, wanafunzi huwa wengi na vifaa vya kinga vichache. Lakini kuandika kikomo cha kemikali ukutani kunahitaji karatasi na kalamu. Kuanza na kiasi kidogo kunaokoa hata gharama. Na kumruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aseme, "Tusimame kwanza, sijaelewa," bila kuchekwa wala kukemewa, hakuhitaji fedha yoyote.

Pengine hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwani linamtaka mwalimu akubali kuulizwa. Lakini maabara ambayo mdogo hawezi kumsimamisha mkubwa ni maabara inayongoja siku yake.