Fungu la Michezo Lisiwe la Mabaki

(Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika, Muleba)



Nimeombwa niseme juu ya michezo katika vyuo vyetu vidogo vya ufundi, na jinsi inavyogharamiwa. Wapo watakaoona kuwa hili ni jambo dogo, maana tuna mabweni yanayovuja na cherehani mbovu. Naomba mnivumilie. Mimi pia nilikuwa na mawazo hayo, na yaliniletea aibu.

Miaka mingi kabla ya kazi hii nilitunza hesabu za chuo kimoja kidogo ambacho sitakitaja. Kila mwanafunzi alilipa mchango wa michezo pamoja na ada. Mchango ule uliingia katika akaunti moja na fedha nyingine zote, nami sikuufungulia ukurasa wake katika daftari. Muhula mmoja gari la chuo liliharibika, tukachota humo. Siku ya bonanza ilipofika, fedha iliyobaki ilitosha kukodi gari moja tu. Wavulana wakaenda. Wasichana wa netiboli, waliokuwa wamefanya mazoezi muhula mzima, wakabaki getini wameshika viatu mkononi. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mbona na sisi tulilipa?" Sikuwa na jibu. Hakuna aliyeiba hata shilingi, na stakabadhi zote zilikuwepo. Lakini fedha ya watu ilikuwa imefanya kazi isiyokuwa yake.

Tangu siku ile naamini kwamba fungu lisilo na jina lake huliwa na fungu lenye kelele. Gari bovu lina kelele, na paa linalovuja lina kelele. Msichana aliyebaki getini hana kelele.

Wapendwa, tatizo hili si letu peke yetu. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, Serikali ilipanga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Ruzuku hiyo ilitarajiwa kubeba mambo mengi, michezo ikiwa mojawapo tu. Vyuo vyetu vya kanisa havikuwa katika mgao huo. Sisi hutegemea ada, michango na sadaka, kwa hiyo mpangilio wetu unapaswa kuwa makini zaidi.

Tusidhani pia kwamba tunaweza kusimamisha michezo leo na kuirudisha kesho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yalisimamishwa, yakarejeshwa miaka michache baadaye. Kusimamisha huchukua siku moja. Kurudisha ni kazi nyingine, kwa maana uwanja umeshageuka malisho na mwalimu aliyejua kufundisha amehama.

Tunao mfano wa kujifunza. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975 kwa kuiga vyuo vya watu wazima vya Sweden. Vipo 54 nchini, kimojawapo kikiwa hapa jirani, Gera wilayani Missenyi. Kupitia mpango wa Mpira Fursa wa shirika la Karibu Tanzania, KTO, soka la wasichana liliingizwa katika vyuo hivyo na katika shule za msingi za jirani. Ninachokipenda ni kwamba wasichana waliwekwa ndani ya mpango tangu mwanzo. Hawakungoja kinachobaki. Marekani nayo ilipitisha sheria mwaka 1972 kukataza ubaguzi wa jinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu, na michezo ya vyuoni ikalazimika kuifuata. Huruma peke yake ilikuwa haitoshi, walihitaji kanuni.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

Kwanza, fungu la michezo liwe na ukurasa wake na lisiazimwe bila kibali cha kamati kilichoandikwa. Tuchukue mfano: chuo chenye wanafunzi 100 wanaochangia shilingi 5,000 kila mmoja kwa mwaka kina shilingi 500,000. Humo mna mipira, nyavu, sanduku la huduma ya kwanza, waamuzi, chakula na nauli. Andikeni nauli kwanza, kwa sababu ndiyo inayowaacha watu getini. Mkiona haitoshi, punguzeni safari mapema, kabla ya kuwaahidi vijana.

Pili, nauli ikipungua, ipungue kwa wote. Kama wavulana wamesafiri muhula huu, wasichana watangulie muhula ujao, na hilo liandikwe katika muhtasari wa kikao.

Tatu, tutumie ujuzi tulio nao. Darasa la useremala litengeneze magoli, na darasa la ushonaji lishone jezi. Darasa la uashi lichimbe mitaro ya uwanja, maana mvua za Bukoba mnazijua. Uwanja wa Kaitaba uliwekewa nyasi bandia; sisi nyasi zetu hukua zenyewe. Zikifyekwa, ziuzwe kwa wenye vibanja wafunike migomba yao, na fedha iingie katika ukurasa uleule. Sharika nazo zinaweza kutoa mkungu mmoja wa ndizi katika mnada wa baada ya ibada kwa ajili ya fungu hili.

Nne, kila mwisho wa muhula taarifa ya mapato na matumizi ya michezo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Waliochangia ni wanafunzi, basi wawe wa kwanza kuisoma. Uwazi wa namna hii hauna gharama zaidi ya karatasi moja.

Kwa marafiki wafadhili nina neno moja, nalisema kwa shukrani. Mmetuletea jezi nzuri na tunazitunza. Lakini jezi hupigwa picha, dizeli haipigwi picha. Mkitaka kutusaidia zaidi, tusaidieni nauli kwa miaka michache huku mchango wetu wenyewe ukikua, au mlipieni mwalimu mmoja masomo ya michezo katika chuo cha Malya, mkoani Mwanza. Ujuzi wake utabaki hata mradi ukiisha.

Kwa kamati zetu nasema tusianzishe timu nyingi kuliko uwezo wetu. Bwana Yesu alitufundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Timu mbili zinazosafiri ni bora kuliko timu sita zinazobaki nyumbani.

Bajeti za mwaka ujao zitaanza kuandaliwa hivi karibuni. Naomba kila kamati ije na mstari mmoja ulioandikwa "michezo", wenye kiasi chake na jina la mtu atakayeujibia. Mimi mwenyewe nitauliza habari zake, na wasichana wataniuliza mimi.