Vitonge vya Njugu: Mtoto Afinyange, Mkubwa Atangulie
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Gataka)

 

Leo watoto wetu watatengeneza kitafunio bila kukaribia jiko. Mtoto hula kwa furaha kitu alichokifinyanga mwenyewe. Lakini tusijidanganye: chakula kisichopikwa hakina moto wa kuua vijidudu. Basi usalama uanze na sisi wakubwa, kabla hatujamwita mtoto.

Kwanza, tuchambue njugu karanga moja moja. Yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyogeuka rangi, tupa. Usimpe hata kuku. Wala usiseme, "Si nitaikaanga?" Sumu ya ukungu, yaani aflatoksini, haiishi kwa kukaanga. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Njugu nazo huingiwa na sumu hiyo hiyo.

Pili, tuzikaange, tuondoe maganda, tutwange mpaka zilainike kabisa. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe njugu nzima; huweza kumziba pumzi.

Tatu, mikono. Sabuni na maji yanayotiririka, wakubwa kwa wadogo. Kibuyu chirizi kinatosha, na hakimalizi maji. Anayehara leo atazame tu.

Sasa waiteni. Ndizi mbivu mbili na kikombe kimoja cha njugu zilizotwangwa. Mtoto amenye ndizi, aponde, achanganye. Ikilegea, ongeza njugu. Usiongeze unga mbichi wa uji. Huo nao unaweza kuwa na vijidudu. Afinyange vitonge vidogo, avigaragaze kwenye simsim iliyokaangwa. Wale wakiwa wameketi, si wakikimbia, na viishe siku hiyo hiyo. Mtoto akila njugu akavimba midomo au akapumua kwa shida, mkimbizeni hospitali, na asipewe njugu tena.

Mama mmoja alituuliza, "Nitupe chakula nilichonunua kwa pesa yangu?" Tulinyamaza kidogo, maana ni swali la kweli. Anayenunua kikombe kimoja jioni hana nguvu ya kuchagua. Lakini chama kina nguvu. Tuchange, tununue gunia pamoja wakati wa mavuno, na kabla ya kulipa tuingize mkono mpaka chini, si kutazama za juu tu. Zikiwa na unyevu au harufu ya ukungu, tuziache hapo hapo. Zilizo nzuri tuziweke pakavu, juu ya mbao, zisiguse sakafu.

Hasara ya njugu mbovu isiletwe nyumbani kwetu. Ibaki kwa muuzaji, naye atajifunza kukausha vizuri.