Afya ya Kinywa Isiishie Kwenye Meno

(Mada iliyotolewa kwa kamati za sharika na wafadhili, Mbeya na Iringa)



Tumezoea kuona kuwa kinywa ni habari ya meno tu: jino likiuma ling'olewe, yaishe. Leo tunaomba tutazame mbali zaidi, hadi kwenye utumbo.

Katika vinywa vya binadamu zimetambuliwa aina zipatazo 700 za bakteria. Wengi hawana madhara. Kila siku tunawameza pamoja na mate yapatayo lita moja. Tindikali ya tumbo huwaua wengi, na bakteria wenyeji wa utumbo huwanyima nafasi wanaobaki. Ulinzi huo ukilegea, wageni hao huhamia utumboni.

Mwaka 2017 watafiti wa Japani waliwapa panya mate ya watu wenye ugonjwa wa Crohn, mojawapo ya magonjwa sugu ya uvimbe wa utumbo. Bakteria aitwaye Klebsiella alistawi, na panya wenye udhaifu wa kurithi wakapata uvimbe mkali. Mwaka 2020 wenzao wa Michigan, Marekani, walionyesha kuwa panya wenye ugonjwa wa fizi huumwa utumbo zaidi.

Hao ni panya. Kwa binadamu, magonjwa ya fizi huonekana zaidi kwa wenye magonjwa haya ya utumbo, lakini haijathibitishwa kuwa mswaki huyazuia wala kuyaponya. Urithi na uvutaji sigara navyo vina sehemu yake.

Kwa nini jambo hili lituhusu? Huku kwetu kuharisha damu huitwa amiba au taifodi. Mgonjwa hupewa dawa, hupata nafuu kidogo, hurudi tena. Wengine huficha kwa aibu, au huambiwa wamerogwa, huku wakikonda. Tena kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na Crohn, na dawa za kutuliza uvimbe hushusha kinga na zinaweza kukichochea. Kwa hiyo kubahatisha ni hatari, vipimo vitangulie.

Tunaziomba kamati zetu mambo matatu:

1. Semina za akina mama, vijana na wazee zifundishe kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Fizi zinazotoka damu zipelekwe kwa daktari wa meno.

2. Anayeharisha zaidi ya wiki nne, au anayeona damu chooni, ahimizwe kwenda hospitali mapema. Ikibidi, apewe rufaa hadi Hospitali ya Mkoa Iringa au ya Kanda Mbeya kwa kipimo cha kamera.

3. Mfuko wa diakonia ukumbuke nauli. Mtu wa Makete au Kilolo anaweza kuwa na barua ya rufaa mkononi, akakosa pesa ya basi.

Wafadhili wetu, msaada wa nauli hauonekani kwenye picha kama jengo jipya, lakini ndio unaomfikisha mgonjwa kwenye kipimo.